Uzi: Stesheni ya Crown Street, Liverpool. Ilihudumia abiria miaka 6 tu (1830–1836). Nini kiliiua?

Mzee wa Ramani

Wakuu, habari za humu.

Ikitajwa reli ya Liverpool na Manchester huko Uingereza, watu hukimbilia Rocket, kile kichwa cha treni cha mvuke, na mhandisi George Stephenson, stesheni zinasahaulika. Reli hiyo ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, urefu wake maili 31, yaani kama kilomita 50. Siku hiyo ilikuwa na stesheni mbili za mwisho: Crown Street upande wa Liverpool na Liverpool Road upande wa Manchester. Leo hakuna abiria anayepanda treni kwenye yoyote kati ya hizo mbili. Ya Manchester majengo yake yamesimama. Ya Liverpool, mahali palipokuwa na jengo la abiria pana bustani ya majani.

Msimamo wangu ni kwamba Crown Street haikufa kwa kukosa abiria. Mwaka 1831 pekee reli hii ilibeba abiria zaidi ya 400,000, wakati wenye kampuni walikuwa wametegemea zaidi mizigo. Stesheni iliuawa na mahali ilipowekwa, na mahali hapo palitokana na kamba.

Tuanze na ardhi. Liverpool iko kando ya mto Mersey, na nyuma ya mji kuna mwinuko wa mwamba wa mchanga mwekundu. Treni inatoka Manchester na kufika ukingoni mwa mji ikiwa juu, gati za meli ziko chini. Kwa mizigo kampuni ilichimba handaki la Wapping, zaidi ya kilomita 2, likipita chini ya mji mpaka karibu na gati. Abiria hawakuchimbiwa handaki la kushuka mjini. Waliwekewa stesheni huko huko juu, Crown Street.

Vichwa vya treni havikuruhusiwa kuingia mjini, vilikomea Edge Hill, ndani ya mkato mrefu uliochongwa kwenye mwamba. Treni ya kutoka Manchester ilipofika:

1. Kichwa kinakatwa Edge Hill.
2. Mabehewa yanafungwa kwenye kamba.
3. Mashine ya mvuke iliyojengewa pale pale inayavuta kupanda handaki dogo la njia moja, urefu yadi 291 (mita 266), mpaka Crown Street.

Kuondoka ni kinyume chake, tena bila kamba. Breki zinalegezwa, mabehewa yanateremka kwa uzito wake, mtu wa breki anayazuia njia nzima, na Edge Hill kichwa kinaungwa.

Kwenye handaki la Wapping mambo yaligeuka: mabehewa ya mizigo yalishuka gatini kwa uzito wake na kurudishwa juu kwa kamba.

Fundi_Breki

Mada nzuri, Mzee. Niongeze hesabu, maana wengi hudhani kamba ilikuwa ushamba tu wa zamani.

Mwinuko wa Wapping ni 1 kwa 48, yaani unapanda mita 1 kwa kila mita 48 za njia. Kila tani inayopanda hapo inarudishwa nyuma na uzito wake kwa nguvu ya kilo 1,000 ÷ 48, yaani karibu kilo 21. Weka juu yake ukinzani wa magurudumu, tuseme kilo 4 kwa tani kwa mabehewa ya enzi hizo. Msafara wa tani 20:

Tambarare: 20 × 4 = kilo 80.
Mwinuko wa 1 kwa 48: 20 × 25 = kilo 500.

Sasa Rocket. Silinda mbili za inchi 8, mwendo wa pistoni inchi 17, magurudumu ya kuvuta ya futi 4 na inchi 8 na nusu, mvuke wa ratili 50 kwa inchi ya mraba. Ukiipigia hesabu ya kawaida ya nguvu ya kuvuta unapata kama kilo 370. Hapo hujaongeza uzito wake yenyewe, tani 4 na robo, wala gari la maji na makaa, navyo vinapaswa kupanda.

Kuna tatizo la pili, mshiko. Magurudumu ya kuvuta yalikuwa mawili tu, yakibeba kama tani 2 na nusu. Reli kavu inakupa mshiko wa karibu sehemu moja ya tano ya uzito huo, kilo 500. Handaki linalotiririka maji linakupa sehemu moja ya kumi, kilo 250. Gurudumu linazunguka pale pale, mvuke unaisha, treni inaanza kurudi nyuma.

Kwa hiyo kamba ilikuwa jibu sahihi la wahandisi kwa mashine waliyokuwa nayo.

Kokoto

Swali kwa mleta uzi. Kama kamba ndiyo iliyoiua Crown Street, mbona Lime Street iliyochukua nafasi yake ilitumia kamba vilevile, tena mpaka mwaka 1870?

Mzee wa Ramani

@Kokoto umenibana vizuri, niseme kwa usahihi zaidi. Kamba kama kamba haikuua kitu. Kilichoua ni upande ambao kamba ilivuta.

Crown Street kamba ilimpandisha abiria *mbali* na mji. Anafika kileleni, ukingoni mwa mji, kisha anatafuta gari la farasi la kumshusha alikokuwa anakwenda. Kampuni ilibidi iendeshe magari yake ya farasi kati ya stesheni na katikati ya mji. Lime Street ni kinyume: kutoka Edge Hill mabehewa yanateremka kwenye handaki mpaka moyoni mwa mji, na kamba inayavuta kupanda wakati wa kuondoka. Mashine ni ya aina ile ile, ila abiria anashushwa mlangoni mwa mji.

Jambo la pili ni msongamano. Handaki la abiria la Crown Street lilikuwa la njia moja. Msafara unaopanda kwa kamba na msafara unaoshuka kwa uzito haiwezi kukutana humo. Kila anayeshuka anamsubiri anayepanda amalize, afunguliwe, kamba irudi mahali pake. Treni zikiwa chache huoni shida. Zikiongezeka, ule mlango wa mita 266 ndio unaopanga ratiba ya reli nzima. Lime Street ilipewa handaki la njia mbili.

Lime Street ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1836, na Crown Street ikaacha abiria hapo hapo. Haikufungwa kabisa lakini. Iligeuzwa yadi ya mizigo na makaa ya mawe, na kazi hiyo iliendelea mpaka 1972. Abiria miaka 6, mizigo miaka 136.

BintiReli

Hoja ya njia moja ndiyo nzito kuliko zote, nakubaliana nawe. Naongeza habari za kamba yenyewe, kwa sababu ratiba ilikuwa inaharibikia huko.

Kamba za mwanzo zilikuwa za katani, si za waya. Katani ikilowa inavimba na kufupika, ikikauka na kubeba mzigo inarefuka. Ndiyo maana kamba ya mzunguko lazima iwe na uzito unaoning'inia shimoni kuivuta muda wote ibaki imekazwa. Uzito ukigota chini, kamba inalegea na kuteleza kwenye gurudumu la mashine. Chini yake kuna kapi zilizopangwa katikati ya reli. Kapi moja ikikosa mafuta inakwama, na kamba inasuguana na chuma kilichosimama mpaka nyuzi zinakatika. Mahali pa kuungia kamba ndipo dhaifu, kwa hiyo ndipo mkaguzi anapoanzia.

Upande wa kushuka hatari ni breki. Vibao vya mbao vinabana gurudumu la chuma. Vikilowa havishiki, na mtu wa breki akibana sana gurudumu linafunga na kuteleza kama sleji, likijitengenezea bapa upande mmoja. Behewa lenye bapa utalisikia linagonga njia nzima mpaka Manchester.

Kisumu1901

Wadau, jambo hili lina ndugu yake huku kwetu. Reli ya Uganda ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Kikuyu, ujenzi wa njia ya kudumu ya kushukia ulikuwa bado. Ili vifaa vya kujengea reli mbele visisubiri, wakajenga miteremko ya muda ya kamba, mabehewa yakateremshwa kwa kamba mpaka chini. Ilitumika hadi 1901, njia ya kudumu ilipokamilika. Mwaka huo huo, tarehe 20 Desemba, reli ikafika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo.

Ni miaka 70 baada ya Crown Street, na fikra ni ile ile: penye mwinuko unaokishinda kichwa, mwachie kamba. Tofauti ni kwamba wa Bonde la Ufa walijua tangu mwanzo kwamba ni ya muda, kwa hiyo hawakujenga stesheni ya abiria kuitegemea.

Kokoto

Asante kwa jibu, Mzee. Sasa nauliza ya Manchester. Kwa nini ile majengo yake yamebaki?

BintiReli

Nijibu hili, maana Liverpool Road ni stesheni ninayoipenda kuliko zote za wakati ule.

Upande wa Manchester hakukuwa na kamba. Reli iliingia mjini ikiwa juu ya matao, baada ya kuvuka mto Irwell kwa daraja la mawe. Kwa hiyo stesheni ina ghorofa ya lazima: mtaa uko chini, reli iko juu. Ukitazama kutoka barabarani unaona jengo kama nyumba ya tajiri wa enzi hizo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona stesheni ikoje. Abiria wa daraja la kwanza alikuwa na mlango wake na ukumbi wake wa tiketi, wa daraja la pili wake. Wote wanapanda ngazi kwenda vyumba vya kusubiri vya juu, wanatoka moja kwa moja usawa wa reli. Juu ya mlango wa daraja la kwanza kuna saa ya jua. Nauli ya mwanzo ilikuwa shilingi 7 daraja la kwanza na shilingi 4 daraja la pili.

Jukwaa lililoinuliwa kama tunalolijua leo halikuwepo. Unakanyaga chini, unapandia kidato cha behewa.

Nyumba ya pembeni, kwenye kona ya Liverpool Road na Water Street, ni kongwe kuliko reli yenyewe. Ilijengwa 1808 kwa ajili ya mwenye kiwanda cha kutia rangi vitambaa, kampuni ikainunua, akakaa humo msimamizi wa stesheni.

Ng'ambo ya reli kuna ghala la 1830, ambalo mimi naliona ni kazi bora kuliko jengo la abiria. Lilijengwa kwa miezi kama mitano, Aprili mpaka Septemba. Reli iko usawa wa ghorofa, yadi ya mikokoteni iko chini upande wa pili. Behewa halikuweza kupinda kuingia ghalani, kwa hiyo lilisukumwa juu ya sahani ya kuzungusha, likageuzwa nyuzi 90, likaingia mlangoni. Mzigo unashushwa ndani, unapandishwa au kuteremshwa kwa winchi, unatokea upande wa mikokoteni. Behewa haliguswi na mvua wala mzigo hauguswi mara mbili bila sababu. Mwaka 1831 winchi ziliwekewa mashine ya mvuke.

Abiria walihamishwa tarehe 4 Mei 1844 kwenda stesheni ya Victoria, kwa sababu huko reli hii iliungana na ile ya Manchester na Leeds, wakati Liverpool Road ilikuwa mwisho wa njia usioungana na kitu. Basi miaka 14 ya abiria, kisha mizigo mpaka 1975. Ghala lilikuwa na kazi, jengo la abiria likawa ofisi, na jengo lenye mtu ndani paa lake linazibwa. Mwaka 1978 eneo lilinunuliwa na serikali ya mkoa kwa pauni 1, na tarehe 15 Septemba 1983 likafunguliwa kuwa jumba la makumbusho, siku ile ile ya kuzaliwa kwa reli.

Crown Street makaa ya mawe hayakuhitaji kuta wala paa. Yalihitaji uwanja. Jengo la abiria likawa linakula nafasi.

Fundi_Breki

Dada BintiReli umemaliza. Kidogo tu kuhusu daraja la Water Street, lililokuwa mlangoni mwa stesheni hiyo. Mtaa haukuruhusu tao la mawe, lingekuwa refu mno kwenda juu. Wakatumia mihimili ya chuma cha kusubu, kwa umbo lililotokana na majaribio ya Eaton Hodgkinson, mtafiti wa nguvu za mihimili: ubapa wa chini mpana sana kuliko wa juu. Chuma cha kusubu kinavumilia kubanwa, hakivumilii kuvutwa. Mhimili ukibeba mzigo, upande wa chini ndio unaovutwa, kwa hiyo ndiko chuma kinakorundikwa. Daraja lilivunjwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Na hili la kukosa majukwaa lina uchungu wake. Siku ya ufunguzi treni zilisimama njiani, mahali paitwapo Parkside, kuchukua maji. Watu waliambiwa wasishuke, wakashuka, kwa kuwa kushuka ni kuruka tu chini. Nafasi kati ya njia mbili ilikuwa sawa na upana wa njia yenyewe, kama futi 4 na inchi 8, na mabehewa yanatokeza nje ya reli, kwa hiyo nafasi halisi ni ndogo zaidi. William Huskisson, mbunge wa Liverpool, alikuwa ameshuka, yuko kando ya behewa la Duke wa Wellington, waziri mkuu, wakati Rocket inakuja njia ya pili. Mlango aliojishikilia ukafunguka kuelekea njia ile. Alikanyagwa mguu na kufariki jioni hiyo huko Eccles.

Pwani Kavu

Nimefuatilia kimya, uzi mtamu. Pale kwenye bustani ya Crown Street pana mnara mkubwa wa matofali. Huo si masalia ya stesheni ya 1830?

Mzee wa Ramani

Hapana mkuu, na kosa hilo ni la kawaida sana. Mnara ule ni wa kutolea moshi wa handaki la Wapping linalopita chini yake. Fikiri: mwaka 1830 handaki lile lilikuwa la kamba, hakuna kichwa ndani, moshi wa nini? Kamba iliondolewa 1896, vichwa vya mvuke vikaanza kupita, ndipo ikabidi kutoboa matundu na kujenga minara. Handaki lilifungwa 1972.

Ukitaka masalia halisi ya 1830, nenda Edge Hill, kwenye mkato. Upande wa magharibi kuna midomo mitatu ya mahandaki. Wa katikati ni Wapping. Kando yake mdogo, ndio wa abiria kwenda Crown Street. Wa tatu si wa siku ya kwanza, ulichimbwa katika miaka ya 1840 kwa ajili ya yadi ya mizigo. Kuta za mwamba zina vyumba vilivyochongwa, ndimo yalimokuwa matangi ya kuchemshia maji ya mashine za kamba. Lile tao kubwa lililobeba mashine, lenye sura ya majengo ya Wamori (Waislamu wa zamani wa Afrika Kaskazini na Hispania), lilibomolewa katika miaka ya 1860 mkato ulipopanuliwa.

Kisumu1901

Mzee, tupe basi njia ya kutambua stesheni iliyokufa, mtu akifika mahali asipojua kitu. Itatusaidia na huku.

Mzee wa Ramani

Anza na ramani, usianze na miguu. Tafuta ramani mbili za mahali pamoja, moja kabla ya kufungwa na moja baada, uzilinganishe kwa kitu kisichohama: kanisa, msikiti, daraja, kona ya mtaa. Mtaa ukipinda ghafla bila sababu, mara nyingi unakwepa mpaka wa yadi ya reli. Mpaka wa kiwanja hudumu kuliko jengo.

Pili, tazama usawa wa ardhi. Reli haipendi vilima. Ukikuta eneo refu tambarare katikati ya mteremko, limejazwa au limechongwa.

Tatu, mawe. Reli ya 1830 haikulala juu ya mataruma ya mbao kila mahali. Penye ardhi imara ililala juu ya vipande vya mawe, kimoja kila futi 3 chini ya kila upande. Kila kipande kilitobolewa mashimo mawili, yakajazwa vigingi vya mwaloni, misumari ya kikalio, yaani kipande cha chuma kinachoshikilia reli, ikapigwa humo. Penye ardhi laini, kama bwawa la Chat Moss, waliweka mataruma ya mbao. Mawe yalishindwa haraka: kila kimoja kinazama kivyake, upana wa njia unafunguka, na hayana ulaini wa mbao. Yaling'olewa na kutumiwa kujengea kuta. Ukiona ukuta wa zamani wenye mawe ya mraba yenye mashimo mawili mawili, umepata reli.

Fundi_Breki

Na reli yenyewe, ukibahatika kuipata. Za 1830 zilikuwa za chuma cha kufua, vipande vya futi 15, ratili 35 kwa yadi, kama kilo 17 kwa mita, na tumbo limevimba kati ya kikalio na kikalio kama tumbo la samaki. Zilikuwa nyepesi mno kwa vichwa vilivyozidi kukua, ndani ya miaka michache zikaanza kubadilishwa. Reli ya Uganda ilianza na ratili 50 kwa yadi, kama kilo 25 kwa mita. SGR ya Tanzania ni kilo 60.

Kwa huku kwetu kazi ni rahisi zaidi. Piga brashi ya waya ubavuni mwa reli, si juu. Reli za chuma cha pua kwa kawaida zina maandishi yaliyoinuka: kiwanda, mwaka na uzito. Mataruma ya chuma nayo mara nyingi yana mwaka. Ila mwaka wa reli si mwaka wa stesheni. Reli nzito iliyochakaa njia kuu huhamishiwa njia za pembeni za stesheni ndogo. Soma vipande vingi, uandike mwaka unaojirudia.

Kokoto

Je, treni bado inaweza kuingia Liverpool Road kwa njia yake ya zamani?

BintiReli

Haiwezi. Njia mpya ya kuunganisha stesheni za Manchester, Ordsall Chord, ilifunguliwa Desemba 2017, nayo ilikata kiungo cha stesheni ya 1830 na njia kuu. Wapinzani walikwenda mahakamani wakashindwa. Daraja la mawe la Stephenson juu ya Irwell limebaki limesimama. Kwangu hiyo ni hasara: jengo bila treni linaeleweka nusu, kwa sababu mpangilio wake wote, ngazi, sahani za kuzungusha, milango ya ghala usawa wa reli, ulitokana na treni kuingia pale juu.